Jengo la kisasa ni lipi hasa?

Ndugu zangu, leo nataka tuongelee neno moja linalonisumbua sana kazini. Neno lenyewe ni kisasa. Ukiwa mwandishi wa habari hapa Dar es Salaam huwezi kulikwepa. Waziri akizindua soko, ni soko la kisasa. Halmashauri ikijenga stendi, ni stendi ya kisasa. Benki ikihamia jengo jipya, taarifa kwa vyombo vya habari inasema ni jengo la kisasa lenye vioo kuanzia chini mpaka juu. Nasi tunaandika hivyo hivyo, mhariri anapitisha, kesho yake gazeti liko mtaani. Sijawahi kumsikia mtu akinyoosha mkono kuuliza kisasa maana yake nini.

Mimi nimeanza kuuliza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba niliwahi kufanya kazi katika jengo la namna hiyo. Madirisha yake hayafunguki, maana yake hayana hata kitasa. Mgawo wa umeme ulipotubana mwaka 2023, jenereta lilibeba taa na kompyuta lakini viyoyozi lilivishindwa. Ikifika saa nane mchana chumba cha habari kilikuwa kama tanuri la mkate, tukahamia kwenye ngazi za dharura na kuandikia habari magotini. Sababu ya pili ni nyumba ya mama yangu, nitaieleza mbele kidogo.

Nina rafiki aliyesomea usanifu majengo pale Ardhi. Nilipomlalamikia kuhusu vioo alinijibu kwamba kama nataka kujua vimetoka wapi, nianzie Florence miaka 600 iliyopita. Nikadhani ananitania. Akaniazima vitabu viwili vizito na kunipa sharti moja: kila ukiona picha ya jengo, usiulize linapendeza au halipendezi, uliza waliolijenga walikuwa na shida gani. Nimevisoma kwa miezi kadhaa, na leo nawamegea nilichokipata.

Tuanze na Florence basi. Watu wa mji ule walianza kujenga kanisa lao kuu mwaka 1296. Wakajenga, wakajenga, na zaidi ya miaka 120 baadaye kanisa lilikuwa bado na tundu kubwa juu, upana wake karibu mita 43. Walishaamua kwamba litafunikwa kwa kuba, tena bila mihimili ya nje ya kuliegemeza. Ila hakuna aliyejua kuba la ukubwa ule linajengwaje. Njia ya kawaida ilikuwa kusimamisha jukwaa la mbao la kushikilia matofali mpaka yakauke, lakini mbao za kujaza tundu kama lile, tena kwa kimo kile, zingetoka wapi? Mwaka 1418 wakatangaza shindano.

Aliyeshinda hakuwa fundi mwashi. Filippo Brunelleschi alikuwa sonara. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali yake akayapanga kama mifupa ya samaki ili kila mzunguko ujishikilie wenyewe kabla ya mwingine kuwekwa juu yake. Alibuni winchi iliyozungushwa na ng'ombe, yenye gia za kubadilisha mwelekeo wa mzigo bila kuwafungua ng'ombe wenyewe. Kazi ilianza mwaka 1420, na mwaka 1436 kanisa likawekwa wakfu kuba likiwa limefungwa. Katikati ya hapo, mwaka 1434, chama cha mafundi kilimtia ndani kwa siku kadhaa kwa sababu hakuwa amelipa ada ya uanachama. Mnaona, urasimu haukuanzia kwetu!

Kipindi kile wanakiita Renesansi, yaani kuzaliwa upya. Kilichozaliwa upya ni ustadi wa Warumi wa kale, nguzo zao na vipimo vyao. Hapa ndipo neno letu linapoanza kuchekesha. Filarete, msanifu aliyeandika kitabu chake huko Milan miaka ya 1460, aliwasihi watu waachane na ujenzi wa kisasa warudi kwenye wa kale. Ujenzi wa kisasa kwake ulikuwa ule tunaouita leo Kigothi, wa makanisa yenye matao yaliyochongoka, ambao sisi tukiuona kwenye picha tunasema ni wa zamani. Kwa hiyo watu walioanzisha historia yote hii waliona kisasa ni kitu kibovu, na maendeleo kwao yalikuwa kurudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja.

Jambo la pili lililotokea wakati ule ni la karatasi. Leon Battista Alberti aliandika kitabu kuhusu ujenzi ambacho kilipigwa chapa mwaka 1485. Ndicho cha kwanza cha usanifu kutoka mashine ya uchapaji. Kabla ya hapo ujuzi wa kujenga ulisafiri na fundi mwenyewe, akienda mji mwingine anakwenda nao kichwani na mikononi. Baada ya uchapaji, picha na vipimo vikaanza kusafiri bila fundi, tena bila udongo, mvua wala jua la mahali vilikotoka. Mimi ninayekula kwa uchapaji siwezi kuulaumu sana. Lakini nadhani shida tunayoizungumza leo mbegu yake ni hiyo.

Aliyefaidika kuliko wote ni Andrea Palladio, mtoto wa msaga nafaka wa Padova, aliyeanza kazi kama mchonga mawe. Wakati wake matajiri wa Venice walikuwa wanahamishia fedha zao kwenye mashamba ya bara. Walihitaji nyumba ya shambani yenye heshima ya bwana mkubwa, lakini iwe na ghala la nafaka na isimalize mfuko. Palladio akachukua sura ya mbele ya hekalu la Kirumi, nguzo na ile pembetatu ya juu, akaiweka mbele ya nyumba ya kuishi. Aliamini kwamba Warumi wenyewe walijenga nyumba zao hivyo. Haikuwa kweli. Na nguzo zake nyingi si za mawe, ni matofali yaliyopigwa lipu yakafanana na mawe. Mwaka 1570 akachapa vitabu vyake vinne vya usanifu, na nguzo zikaanza safari. Inigo Jones akaenda nazo Uingereza. Thomas Jefferson akajenga nyumba yake kwa kuvifuata. Ikulu ya Marekani, iliyobuniwa mwaka 1792 na kujengwa kwa jasho la watumwa pamoja na vibarua wa kulipwa, ni ya ukoo huo huo.

Na safari haikuishia huko. Pita barabara yoyote kubwa ya kutoka Dar utawaona wauzaji wa nguzo za saruji, zimepangwa foleni kando ya barabara kama abiria wanaosubiri daladala. Ni jamaa za Palladio hao.

Hapo ndipo inapoingia nyumba ya mama. Mama anaishi Kilosa, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga marehemu baba, na sasa imechoka. Kaka yangu na mimi tunachangishana kumjengea nyingine. Kaka alinitumia picha aliyoipata intaneti: nyumba yenye nguzo nne ndefu mbele, pembetatu juu yake na dirisha kubwa la kioo la sebuleni. Inapendeza, sikatai. Nikamwonyesha mama kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hapa nitakaa wapi?" Kwenye ile picha nguzo zimegandishwa ukutani, hakuna baraza. Mama yangu maisha yake yote ya mchana yako barazani. Anachambulia mchele hapo, wageni anawapokelea hapo, na jua likizunguka anahamisha mkeka.

Nilimweleza kaka akakasirika. Alisema mimi nimesoma chuo kikuu lakini nataka mama aishi kizamani, na watu watasema watoto wake wameshindwa. Hatukuongea wiki mbili. Nami namwelewa kaka, maana nyumba kwetu ni cheti, jirani anaisoma akipita. Matajiri wa Venice nao walikuwa hivyo hivyo.

Turudi Ulaya. Nguzo zilivyokolea zikawa lugha ya wenye nguvu. Papa alianza kulijenga upya kanisa la Mtakatifu Petro mwaka 1506 na likawekwa wakfu mwaka 1626. Fedha nyingine zilitafutwa kwa kuuza vyeti vya rehema, biashara iliyomfanya Martin Luther apinge hadharani mwaka 1517, na Wakristo wa Magharibi wakagawanyika. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akajaza ukumbi wake wa Versailles vioo 357 vya kujitazamia. Mtindo huo wa majengo ya kumtia mtu kizunguzungu waliuita Baroki.

Kioo cha dirishani kina hadithi yake, na hii ndiyo iliyonifanya niache kulala. Uingereza ilikuwa inatoza kodi ya kioo, ikaifuta mwaka 1845. Bei ikashuka. Kulikuwa na mtunza bustani mmoja, Joseph Paxton, aliyekuwa fundi wa kujenga mabanda ya kioo. Mabanda hayo yalikuwa na kazi maalumu: matajiri wa Kiingereza walitaka kuotesha mimea ya nchi za joto, na kwa baridi ya kwao mimea hiyo ingekufa. Banda la kioo linaruhusu jua liingie, kisha linazuia joto lisitoke. Mwaka 1849 Paxton alifanikiwa kulifanya yungiyungi kubwa la maji kutoka Amerika ya Kusini litoe maua ndani ya banda lake.

Mwaka 1851 London ikaandaa maonyesho makubwa ya dunia, jengo linatakiwa haraka na la kubomoleka baadaye. Paxton akachukua wazo la banda la mimea akalikuza mpaka urefu wa mita zaidi ya 560, chuma na kioo, vipande karibu 300,000, na likasimama katika muda usiofika mwaka. Watu walipigwa na butwaa. Lakini ilibidi watandaze maturubai juu ya paa, maana jua la London, jua la London jamani, lingewapika wageni humo ndani.

Tafakari hapo kidogo. Nyumba ya kioo ilibuniwa ili kutengeneza joto la kwetu mahali ambako halipo. Sisi tumeichukua tukaileta kwenye joto lenyewe.

Kilichofuata kilitokea Chicago. Moto wa mwaka 1871 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, wakaanza kujenga upya, na ardhi ya katikati ikapanda bei kupita kiasi. Elisha Otis alishaonyesha mwaka 1854 lifti isiyoanguka hata kamba ikikatwa, kwa hiyo kupanda juu kukawezekana. Ila ukuta wa matofali kadiri unavyokwenda juu unanenepa chini mpaka unakula vyumba. William Le Baron Jenney akatumia fremu ya chuma kubeba sehemu kubwa ya uzito wa Home Insurance Building, ghorofa 10, mwaka 1885. Wengine wakaendeleza, na mwishowe ukuta ukaachiliwa kabisa kazi ya kubeba. Ukawa kama pazia. Na pazia unaweza kulishona kwa chochote, hata kioo.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, miji imejaa watu wasio na makazi, na vijana wa wakati ule wakachoshwa na nguzo za babu zao. Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus huko Weimar mwaka 1919. Walitaka majengo ya bei nafuu, yenye mwanga na hewa, bila urembo wa kusingizia Urumi. Binafsi nawaheshimu. Watu walikuwa wanaumwa kifua kikuu katika vyumba vya giza, na mwanga ulikuwa dawa waliyoiamini.

Lakini soma kisa cha Le Corbusier. Mwaka 1933 alikamilisha jijini Paris hosteli ya watu wasio na makazi. Upande wake wa kusini, unaopigwa na jua, akauziba kwa ukuta mkubwa wa kioo usiofunguka. Mpango ulikuwa na mitambo ya kupooza hewa, lakini fedha hazikutosha na mitambo ya kupooza ikaachwa. Kiangazi kilipofika waliolala humo, wakiwemo kina mama na watoto wachanga, waliungua joto. Msanifu aligoma kutoboa kioo chake, mpaka wenye mamlaka wakalazimisha madirisha ya kufunguka. Baada ya Vita ya Pili vikaongezwa vikinga jua vya zege mbele ya kioo, na Le Corbusier huyo huyo akawa mtu wa kuvisifia vikinga jua popote alipokwenda. Nilipokisoma kisa hiki nilikumbuka zile ngazi zetu za dharura.

Kilichookoa kioo ni kiyoyozi. Na kiyoyozi chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya binadamu. Willis Carrier alikitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, kwa sababu unyevu wa kiangazi ulikuwa unavuruga karatasi na rangi hazikai mahali pake. Karatasi ndiyo iliyohurumiwa kwanza! Mashine ile ilipokua na umeme ukawa rahisi, msanifu hakuhitaji tena kujua jua linatokea wapi. Ludwig Mies van der Rohe alikamilisha Seagram Building jijini New York mwaka 1958, ghorofa 38, mnara mweusi wa kioo na shaba nyeusi ambao nusu ya minara ya dunia imeunakili. Sheria ya moto ilimtaka afunike chuma kinachobeba jengo kwa zege, kwa hiyo akabandika nje vyuma vingine vya shaba visivyobeba jengo, ili watu waone kwamba ndani kuna chuma. Palladio alificha tofali kwa lipu ya mawe, Mies naye akaning'iniza chuma cha maonyesho. Mji wa New York ulipotangaza mwaka 2012 alama za matumizi ya nishati za majengo yake makubwa, Seagram lilipata 3 kwa 100.

Sasa usije ukadhani nasema vya Magharibi vyote tuvitupe. Hilo nalo ni wimbo rahisi, na saruji ya nyumba ya mama ni ya huko huko. Nakupa mifano miwili ya hapa hapa.

Ernst May alikuwa msanifu wa mji wa Frankfurt, ambako kati ya mwaka 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za watu wa kawaida. Alikuwa na asili ya Kiyahudi, kwa hiyo Wanazi walipochukua nchi hakuwa na pa kurudi. Mwaka 1934 akaja Tanganyika kulima karibu na Arusha, baadaye akafungua ofisi Nairobi. Jengo la KNCU pale Moshi ni kazi yake. Mawazo yake ya ukoloni yalikuwa ya ukoloni, na mpango wake wa kupanua Kampala miaka ya 1940 uligawa makazi kwa rangi za watu. Lakini kwenye suala la jua alikuwa mwanafunzi mzuri: majengo yake ya huku yana vikinga jua, kivuli na njia za kupitisha upepo.

Mfano wa pili ni wa nyumbani kabisa. Beda Amuli, msanifu wetu Mtanzania, alibuni soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Zege ni la kizungu, sawa. Lakini aliliinua kwa nguzo zinazofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa, zinazokusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini kwenye hifadhi, na pembeni akaacha wazi upepo upite juu ya vichwa vya wauza nyanya. Nguzo zile zilifanya kazi. Soko liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na siku ile niliona watu wazima wanalia.

Ndiyo maana sasa nikitumwa kwenye uzinduzi nina swali langu moja. Nasubiri hotuba ziishe, nanyoosha mkono na kuuliza: umeme ukikatika saa nane mchana, madirisha yanafunguka? Mara mbili nimejibiwa kwamba kuna jenereta. Mara moja mhandisi alicheka na kuniambia pembeni kwamba hata yeye alishauliza.

Na nyumba ya mama? Kaka nilimpata kwa njia ya fundi. Fundi wa Kilosa hajasoma Palladio, lakini alitutumia hesabu: zile nguzo nne, pembetatu na kioo kikubwa vingekula fedha ya bati za nyumba nzima. Kaka akanyamaza, kisha akauliza kama nguzo mbili tu zinawezekana. Nikamwambia zinawezekana, mradi zibebe paa la baraza na baraza liwe pana kiasi cha mkeka wa mama na wageni watatu. Tumekubaliana hivyo. Msingi umeshachimbwa, tunasubiri mwisho wa mwezi kununua nondo. Mama ameongeza sharti lake, baraza lisitazame magharibi.

Kwa leo naishia hapa. Wikiendi njema, na ukifika Jumatatu kazini jaribu kufungua dirisha.